Ndege wa Klabu ya Amani

Klabu yetu ilikuwa na wanachama kumi na tisa na mwenyekiti mmoja, na mwenyekiti alihesabiwa peke yake. Tulikutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye viti vya watoto wa shule, magoti yakitufika kifuani, tukazungumza mambo ya kale. Iliitwa Klabu ya Amani. Jina hilo lilipatikana baada ya vikao vitatu vya ugomvi.

Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, nasi tulimwita Mkaguzi. Alistaafu kazi lakini kalamu nyekundu hakuistaafisha. Ilikaa kwenye mfuko wa shati lake, na mtu alipoanza kusema, Mkaguzi aliitoa, akaifungua kifuniko, akamtazama msemaji mdomoni. Kwa miaka miwili nilijiambia ni mazoea ya kazi tu. Hata mimi nikipita mtaani natazama herufi za maduka kabla ya kutazama watu. Sipendi kumhukumu mtu haraka, na kwa Mkaguzi nilijipa muda mrefu kuliko alioustahili.

Mimi ni mchora mabango. Kazi yangu hasa ni vioo vya maduka. Kioo hupakwa kwa ndani ili mvua isile rangi, kwa hiyo herufi unaziandika kinyumenyume, mtu wa nje azisome sawasawa. Baada ya miaka ishirini na sita, kusoma kutoka upande wowote kwangu ni kama kula kwa mkono wowote. Lakini siku hizi kuna mashine zinazochapa herufi kwenye karatasi za plastiki, mwenye duka anazibandika mwenyewe jioni na mkewe. Mwaka ule nilikuwa nimepaka vioo vinne tu, na kimoja kilikuwa cha kinyozi aliyefunga duka kabla rangi haijakauka vizuri.

Aliyeniingiza kwenye klabu ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, muuguzi wa wodi ya majeruhi. Aliona ninavyokaa karakanani bila kazi, nikinakili alama za Misri ya kale juu ya magazeti. Nilikuwa na kitabu kimoja cha maandishi yao, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo. Nilikisoma kwa miaka mitano, ukurasa mmoja kwa wiki. Sikumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Ndipo ikaja habari kwamba jumba la makumbusho litapokea maonyesho ya Misri ya kale. Mkaguzi akatangaza kwamba klabu itakwenda kwa pamoja, na kwamba hatutakwenda mikono mitupu. Tutatoa zawadi: ubao wenye jina la klabu kwa maandishi ya Kimisri, utundikwe ukutani kwa mhifadhi mkuu.

"Fundi rangi ataupaka," alisema, akinielekezea kalamu.

Shemeji akanisogelea sikioni. "Sikiliza, shemeji. Yule mama mhifadhi anatafuta mtu wa kuandika kwenye vioo vya ukumbi mpya. Plastiki hataki, anasema zinabanduka. Nimesikia kwa dada anayefanya usafi pale. Akiuona mkono wako kwenye huo ubao, kazi imeingia."

Ukumbi mpya ulikuwa na makabati sitini ya vioo. Nilikwenda kuyatazama kupitia dirisha siku iliyofuata, nikayahesabu mara mbili. Ile ingekuwa kazi ya mwaka mzima, na baada yake hakuna mtu mjini angeweza kusema mabango ya mkono yamekufa. Niliutaka ubao ule uwe mzuri kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote.

Nina utaratibu wangu wa kazi. Kabla sijashika brashi nachora kwenye daftari, na mteja anatia sahihi chini ya mchoro: ipakwe hivi. Nilianza hayo baada ya mwenye bucha mmoja kuapa mbele ya wateja kwamba hakuniagiza ng'ombe, aliniagiza mbuzi. Basi nikachora jina letu. Wamisri wenyewe hawakuandika irabu kama sisi, lakini ipo orodha ya alama wanayoitumia wageni kuandikia majina yao. Tai ni A. Bundi ni M. Mawimbi ya maji ni N. Jani la tete ni I. Tai, bundi, tai, maji, tete: Amani. Nikaanzia kushoto kwenda kulia kama tulivyozoea, na ndege wote nikawaelekeza kushoto.

Kwenye kikao Mkaguzi aliuweka mchoro mezani, akauzungusha, akaurudisha.

"Hawa ndege wanatazama wapi?"

"Kushoto, mwenyekiti."

"Kushoto ndiko tunakotoka. Sisi tunasoma kwenda kulia. Kwa hiyo umewaweka wanatazama nyuma. Klabu yangu haitazami nyuma."

Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyesikia klabu ya historia ikikatazwa kutazama nyuma. Mfamasia, ambaye ni katibu wetu, alikuwa anaiandika sentensi ile kwenye kumbukumbu za kikao, na ameipigia mstari.

"Yale maandishi yanaweza kuanza upande wowote, mwenyekiti," nikasema. "Unachoangalia ni nyuso. Wanyama na ndege hutazama mwanzo wa mstari. Msomaji anakutana nao uso kwa uso. Wakitazama kulia, mtu anayejua ataanza kusoma kulia."

"Sema kwa sauti, fundi. Huku nyuma hawakusikii."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta. Nikarudia.

"Nani alikufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe. Nina kitabu."

"Kinaitwaje?"

"Jalada halipo."

"Haya. Kitabu hakina jalada, mwalimu hana jina, mwanafunzi hana cheti." Akasubiri wacheke, wakacheka. Mfamasia alicheka mara mbili, ya pili baada ya wenzake kunyamaza. Shemeji peke yake ndiye aliyetazama mikono yake.

Mkaguzi akaifungua kalamu. Juu ya mchoro wangu akaandika kwa wino mwekundu: GEUZA NYUSO. ZITAZAME MBELE. MPANGILIO UBAKI VILE VILE. Akaweka alama ya vema, na chini akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, ile iliyowatia walimu homa kwa miaka thelathini.

Karakanani nikachora upya kama alivyoagiza. Mpangilio ule ule, ndege wamegeuzwa. Kisha nikausoma kama mtu anayejua angeusoma, kuanzia kulia, nikikutana na nyuso. Tete. Maji. Tai. Bundi. Tai.

Inama.

Nilikaa kwenye kopo la rangi. Nilijua jina litasomeka kinyume. Sikujua kwamba kinyume chake ni neno, tena neno lenye amri ndani yake.

Nikampigia simu. "Mwenyekiti, samahani, kuhusu wale ndege."

"Fundi," akasema, "wewe paka."

Akakata.

Basi nikapaka. Nataka kusema ukweli hapa. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumrudishia ubao wake mweupe na kumwambia atafute mwingine. Nilijiambia mteja ametia sahihi na utaratibu ni utaratibu, lakini nilikuwa na furaha wiki ile yote, nayo haikuwa furaha safi. Manyoya ya bundi niliyachora moja moja. Nilifikiri: hakuna atakayejua ila mmoja, na huyo mmoja ataona mkono wangu. Sikufikiria mbele ya hapo.

Siku ya safari Mkaguzi alikuja na kofia nyeupe ya jua, ingawa tulikuwa tunakwenda ndani ya jengo. Alitupanga mistari miwili kwenye ngazi za makumbusho na kutusomea jinsi ya kutembea. Tusiguse. Tusiulize maswali ya kitoto. Maswali yote yapitie kwake. Walinzi wawili walitutazama, wakatazamana.

Ndani, msichana wa makumbusho aliyepewa kutuongoza alifika kwenye sentensi yake ya pili. Mkaguzi alimshukuru, akamwomba apumzike, akaendelea mwenyewe. Kwenye kabati la kwanza palikuwa na kitu cha mbao chenye mguu mmoja na kilele kilichopinda kama mwezi mchanga.

"Kigoda," akasema Mkaguzi. "Cha watoto wa kifalme. Mnaona kilivyopinda, kufuata makalio ya mtoto."

Karatasi pembeni yake iliandikwa kwa herufi kubwa: mto wa kulalia, wa mbao. Niliiona. Mfamasia aliiona, nilimwona akiiona, kisha akaandika daftarini: kigoda. Wote kumi na tisa tulipita mbele ya karatasi ile kwa adabu kama tunaopita mbele ya mtu aliyevaa nguo ndani nje. Watu wazima, wenye miwani na vyeti, waliokuja kuona mambo ya kale, wakachagua kuangalia mdomo wa mtu mmoja. Mpaka siku ile nilidhani wanamwogopa. Pale nikaona hapana, walikuwa wamepumzika. Kufikiri kulikuwa kazi ya mwenzao na wao walikuwa mapumzikoni.

Shemeji alisimama kwa muda mrefu mbele ya maiti iliyokaushwa. "Hii bandeji," akaniambia taratibu, "imefungwa na mtu anayejua kazi. Tazama anavyopishanisha kwenye goti. Wanafunzi wangu hawawezi hivi."

"Maswali yapitie kwangu," Mkaguzi akaita kutoka mbele.

"Sijauliza," shemeji akajibu.

Mwisho wa ukumbi walikuwa wamejenga mfano wa kaburi, chumba cha ndani kilichopakwa picha ukutani, na mlango wake wameufanya mfupi kama wa asili. Mkaguzi aliingia wa kwanza, ametuelekea sisi, akieleza. Tulisikia mlio. Kofia ilibaki nje, yeye ndani.

"Wamepima vibaya," ilikuja sauti kutoka kaburini.

Mlinzi aliokota kofia na kuipangusa. "Kila kundi lina wake mmoja," akamwambia shemeji. "Tumeomba kibao hapa tangu juma lililopita."

Kisha tukapelekwa kwa mhifadhi mkuu. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi wa kushonea upande mmoja, mikono ina vumbi jeupe hadi kwenye viwiko. Mkaguzi alitoa hotuba. Alisema klabu yetu ni taa. Alisema kuna watu katika nchi nyingine ambao hawana klabu kama yetu. Halafu Mfamasia akavuta kitambaa, ubao ukaonekana.

Yule mama alisogea karibu, akavua miwani, akatazama manyoya ya bundi kwa jicho tupu.

"Rangi ya mkono hii," akasema. "Si mashine."

"Mkono mtupu," akasema Mkaguzi, kana kwamba ni wake.

Akavaa miwani, akarudi hatua mbili. Kidole chake kikaenda kulia mwa ubao, kikaanza kutembea. Midomo ilisogea. Kilipofika mwisho kikarudi mwanzo, kikatembea tena, na usoni pake nikaona kicheko kikija na kuzuiwa mlangoni.

"Inama?" akasema.

"Amani," akasema Mkaguzi. "Klabu ya Amani."

"Naelewa, mzee wangu. Lakini ndege wanatazama kulia, kwa hiyo tunaanza kulia. Tete, maji, tai, bundi, tai. Imeandikwa inama."

Halafu Mkaguzi akageuka, bila hata kuvuta pumzi, akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mzito na wa upole, ule wa kumtoa mtoto mbele ya darasa.

"Mtusamehe," akasema. "Fundi wetu huyu hakubahatika kusoma. Nilimwelekeza, lakini unajua hawa wapaka rangi. Nalibeba mwenyewe kosa hili."

Yule mama akanitazama. Nikaona kazi ya makabati sitini ikiondoka machoni pake, kimya kimya, kama mtu anayefunga dirisha.

Wenzangu kumi na wanane walikuwepo kwenye kikao kile. Wote walisikia nilichosema kuhusu nyuso. Nilimpa kila mmoja nafasi, nikamtazama mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kuanzia kushoto. Mmoja alikuwa anasoma kalenda ya ukutani. Mwingine alifunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Mfamasia, mwenye kumbukumbu za kikao mkobani, alikuwa anaulinda mkoba.

"Shemeji," akasema muuguzi kwa sauti ya wodini, "daftari liko wapi?"

Lilikuwa kwenye begi langu, linakwenda kila niendako. Nilikuwa nimeogopa kulitoa. Kumvua mtu mzima nguo mbele ya watu si kitu ninachokipenda. Lakini mkono ule ulikuwa bado begani mwangu, unapapasa.

Nikalitoa, nikalifungua kwenye mchoro wa kwanza, nikamkabidhi mhifadhi. Alitazama ndege wakitazama kushoto, sahihi kabisa. Kisha akasoma wino mwekundu, polepole, kwa sauti. "Geuza nyuso. Zitazame mbele. Mpangilio ubaki vile vile." Akaangalia sahihi, akaangalia kalamu kwenye mfuko wa shati la Mkaguzi.

Nilidhani Mkaguzi atanyamaza. Nilidhani hata yeye ana mahali pa kuishia. Mkaguzi alikohoa, akatabasamu.

"Vizuri sana," akasema. "Ulikuwa mtihani. Nilitaka kuona kama makumbusho yetu yana watu wanaojua kusoma. Hongera, mama, umefaulu."

Mfamasia akapiga makofi. Wakafuata wengine wawili, halafu sita. Klabu ya Amani ilisimama ofisini mwa watu ikipigia makofi uongo ambao kila mmoja wetu alijua ulizaliwa dakika ile, na kofia nyeupe ya Mkaguzi bado imebonyea kwa mlango wa kaburi. Dharau niliyokuwa nimeizuia miaka miwili ilikuja yote kwa pamoja, na jambo la ajabu ni kwamba haikuwa na joto. Ilikuwa baridi na tulivu, kama rangi ya kwanza kwenye kioo safi.

Yule mama hakupiga makofi. Alisubiri wamalize, akanigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kwamba inasomeka inama?"

"Nilijua kabla sijaanza."

"Na ukapaka."

"Alitia sahihi."

"Kwa hiyo hukuwa unaandika," akasema. "Ulikuwa unamcheka."

Hakuna mtu kwenye klabu ile, pamoja na kalamu yote nyekundu, aliyewahi kunisahihisha vizuri vile.

Alilifunga daftari na kunirudishia. "Ubao tunaupokea," akawaambia wote. "Upo mlango mmoja unauhitaji." Halafu, kwa sauti ya chini, kwangu: "Jumatatu, saa mbili asubuhi, njoo na brashi. Nitakupa maandishi ya kioo kimoja. Ndani yake nitaweka kosa. Ukilipaka kama lilivyo, Jumanne usije, hata kama nimetia sahihi."

Nikaenda Jumatatu. Yalikuwa maandishi ya kabati la vyungu vinne walivyohifadhia viungo vya maiti. Nilipanga mistari kwa chaki, nikaanza kupaka kwa ndani, kinyumenyume: ini, mapafu, mfuko wa chakula. Yeye alikaa upande wa pili wa kioo na chai yake, ananitazama. Nilipofika neno la mwisho nikaweka brashi chini.

"Umeandika ubongo," nikasema. "Ubongo waliutupa, hawakuuweka chunguni. Hapa panatakiwa utumbo."

Akanywa chai. "Nafasi itatosha?"

"Herufi ni sita kwa sita. Hakibadiliki kitu."

"Basi endelea," akasema, akaondoka kwenda kwenye vumbi lake.

Klabu niliiacha bila barua. Shemeji naye aliacha, yeye kwa barua, na nimeambiwa Mkaguzi aliirudisha ikiwa imesahihishwa. Ubao wangu umetundikwa juu ya mlango mfupi wa kaburi, na chini yake nimeandika tafsiri ndogo, kwa herufi zetu, kwa agizo la mhifadhi. Mlinzi anasema hajasikia mlio tena.

Mkaguzi huja. Juzi alikuja na wakwe zake, watu wanne waliovaa vizuri. Nilikuwa kwenye kabati la arobaini na moja, ndani ya kioo, nao walipita upande wa nje, hatua tatu kutoka usoni pangu. Alinitazama kama unavyotazama ngazi. Akawasimamisha mbele ya mlango, akanyanyua kidole kwenye ndege.

"Hii ni zawadi ya klabu yangu," akasema. "Kwa Kimisri cha kale, imeandikwa amani. Mnaona wanavyotazama mbele."

Mkwe mmoja, mama mwenye mkoba mdogo, akaisoma ile tafsiri. "Hapa chini pameandikwa inama."

"Hayo ni ya mafundi," akasema Mkaguzi. "Ingieni." Akavua kofia, akainama, akaingia.